Sifa za Mama Pacha

Katika maktaba moja ya umma palikuwa na mwanamke aliyeitwa Bi Katalogi. Jina hilo lilimganda kiasi kwamba hata mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alilitumia kila alipotaka kumchokoza. Kazi yake ilikuwa kupokea kila kitabu kipya, kukipa namba, na kuandika mistari miwili mitatu ya kueleza kimebeba nini. Aliifanya kwa miaka ishirini na miwili, akazeeka nayo. Alikuwa na kalamu nzuri na alijua kwamba anayo. Mfanyakazi akifiwa, yeye ndiye aliyeandika wasifu wa marehemu; mtu akistaafu, yeye ndiye aliyetunga maneno ya kadi. Watu wakisoma wanafuta machozi, halafu wanasahau aliyeandika ni nani.

Kwa hiyo Mkuu wa maktaba aliporudi kutoka kwenye semina ya siku tatu na wazo jipya kichwani, hakuhangaika kutafuta wa kumtwika.

"Tutakuwa na Siku ya Kuthaminiana," alimwambia, amesimama mlangoni mwa chumba cha katalogi. "Kila mfanyakazi asomewe sifa zake mbele ya wageni. Ukurasa mmoja mmoja, tutie kwenye fremu. Mwenyekiti wa Bodi atakuja."

"Watu wangapi?"

"Kumi na mmoja, na wewe ukiwemo."

"Yaani nijisifu mwenyewe?"

"Jiandike kama unamwandika mtu mwingine," akasema Mkuu, wala hakuwa anatania.

Bi Katalogi akazihesabu kichwani nafsi kumi na moja. "Na Mama Pacha?"

"Yule ni wa kampuni ya usafi. Hayumo kwenye orodha yetu."

"Mkuu, juzi uliitafuta ile ripoti ya maji ya mji asubuhi nzima. Nani alikuonyesha ilipo?"

Mkuu akakuna kidevu. "Haya, mtie. Wageni watapenda."

Mama Pacha alikuwa mfagiaji, mama wa mabinti pacha waliokuwa wameanza sekondari mwaka ule. Miaka tisa alikuwa akipangusa rafu za maktaba ile, na huwezi kupangusa namba miaka tisa zisikuingie. Hakuna aliyemfundisha. Msomaji akija kuuliza habari za ufugaji nyuki, wahudumu wanakodolea macho kompyuta, yeye ananyoosha mpini wa ufagio: "Rafu ya nne, chini, upande wa dirisha. Kile kikubwa kimechanika, chukua cha kijani." Aliwajua waliojificha na magazeti ili wengine wasiyasome, aliwajua waliokuja kulala tu, na aliwaacha walale ilimradi wasikorome.

Alijua pia kukaa kaunta. Mhudumu wa kaunta ya kuazimisha vitabu aliitwa Mheshimiwa, kwanza kwa sababu ya tai yake, pili kwa sababu kiti chake kilikuwa kitupu mara nyingi kuliko kilivyokaliwa. "Mama Pacha, nishikie hapa dakika mbili," alikuwa akisema, na dakika mbili hizo zinazaa saa. Mama Pacha ananawa mikono, anavua glavu, anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliye tayari kuinuka, anagonga mihuri. Tarehe zake zilisomeka kuliko za mwenyewe. Na kwa kuwa Mkuu hakupenda kuamka mapema, funguo za chumba cha marejeo nazo zilihamia kwenye mfuko wa aproni yake, zikakaa humo mwaka wa nne sasa. Mambo hayo kila mtu aliyajua, na hakuna aliyewahi kuyasema kwa sauti.

Bi Katalogi aliandika sifa za wenzake kwa alasiri mbili. Alipofika kwa Mheshimiwa, kalamu ilikwama. Mwisho akaandika: "Haachi kaunta yake, jua liwake au mvua inyeshe. Hakuna msomaji aliyewahi kufika akakuta kiti kitupu." Akacheka peke yake. Aliona ni dongo ambalo kila mwenzake atalielewa na wageni hawataling'amua.

Za Mama Pacha aliziandika mwisho, kwa pumzi moja, na humo hakutia utani. Aliandika jinsi paa lilivyovuja masika yaliyopita, Mama Pacha akaja siku yake ya mapumziko akahamisha vitabu mia tatu kwa mikono yake. Aliandika kwamba kaunta inapokosa mtu yeye huikalia, na katika mihuri yake yote haijapatikana tarehe moja iliyokosewa. Aliandika kwamba milango ya maktaba hufunguliwa naye asubuhi, kwamba chumba cha marejeo kimo mikononi mwake, na kwamba anayetaka kujua kitabu kilipo asiulize kompyuta, amuulize yeye. Alipomaliza aliusoma ukurasa ule mara tatu. Miaka yote ile hakuwahi kuandika kitu kizuri namna ile, tena cha kweli.

Ukurasa ulikuwa bado mezani Mama Pacha alipoingia na ndoo na kitambaa. Aliona jina lake.

"Dada, hiyo ni ya nini?"

Bi Katalogi akamweleza. Mama Pacha akaendelea kupangusa meza, akiuzunguka ukurasa ule kama unaounguza.

"Mimi niache," akasema.

"Kwa nini?"

"Niache tu. Nyinyi ni wa hapa, mimi ni wa kampuni. Mtu wa kampuni kutajwatajwa si vizuri."

"Unatajwa kwa mema, Mama Pacha."

"Kwa mema, kwa mabaya, ni kutajwa." Akakikamua kitambaa mpaka tone la mwisho. "Kama ni lazima, sema nafagia vizuri. Inatosha."

"Unyenyekevu nao ukizidi huwa kiburi," Bi Katalogi akasema akicheka.

Mama Pacha hakucheka. Alichukua ndoo yake akatoka.

Jioni ile Bi Katalogi alimsomea mdogo wake, ambaye alikuwa fundi cherehani na hakuacha kushona ili asikilize. Aliposikia mpaka mwisho, mdogo mtu akakata uzi kwa meno. "Umeandika vizuri, dada. Na mwenyewe amekubali?"

"Ana haya tu."

"Haya," akasema mdogo mtu. Bi Katalogi hakujua kama alikuwa anakubali au anarudia neno.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi asubuhi. Meza za ukumbi wa kusomea zilisukumwa ukutani, viti vikapangwa, soda zikawekwa kwenye beseni la barafu. Mkuu alisoma mwenyewe, kwa sauti aliyotoka nayo kwenye semina. Aliposoma za Mheshimiwa wafanyakazi waliangua kicheko, wageni wakadhani wanashangilia, wakashangilia nao. Mheshimiwa akasimama akanyoosha tai, akainama kushoto na kulia. Alikuwa mfanyakazi pekee asiyelisikia dongo.

Kisha zikasomwa za Mama Pacha. Ukumbi ukatulia. Mwalimu mmoja mstaafu, msomaji wa kila siku, alisimama kupiga makofi kabla Mkuu hajamaliza, na wengine wakamfuata. Mama Pacha alikuwa karibu na mlango, amevaa sare ya kampuni, anaangalia sakafu kama anayetafuta mahali alipokosea kudeki. Bi Katalogi machozi yalimlenga, na hakuwa na hakika kama yalikuwa ya Mama Pacha au ya sentensi zake.

Mwenyekiti wa Bodi, mama wa makamo aliyevaa miwani yenye mkufu, aliomba kusema neno. "Nimefurahi sana. Hebu nieleweshwe kidogo. Huyu mama ni karani?"

"Ni wa usafi, Mama Mwenyekiti," akajibu Mkuu.

"Wa usafi. Na anagonga mihuri?"

"Anasaidia. Tuko kama familia hapa."

"Vizuri," akasema Mwenyekiti, akafungua kijitabu chake akaandika kitu. Kisha akaomba soda ambayo haijapoa sana, maana alikuwa na meno mabovu.

Siku ya tisa baada ya hapo Bi Katalogi aliitwa ofisini kwa Mkuu. Alimkuta Mheshimiwa ameketi, msimamizi wa kampuni ya usafi ameketi, na Mama Pacha amesimama. Kiti cha nne kilikuwepo; hakuna aliyemwambia akikalie. Bi Katalogi naye, kwa kutojua la kufanya, akasimama.

Mkuu alikuwa na barua ya Bodi mkononi. Katika hesabu ya mwisho vitabu sitini na kimoja havikuonekana. Kila mwaka vilipotea vingi kama hivyo, na kila mwaka iliandikwa "vimechakaa" mambo yakaisha. Safari hii Bodi ilitaka kujua ni nani mwenye kushika funguo na ni nani mwenye kukaa kaunta. Barua iliambatana na nakala ya ukurasa wa sifa. Sentensi tatu zilikuwa zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu: ya mihuri, ya milango, na ya chumba cha marejeo.

"Haya ni maneno yako?" Mkuu akauliza.

"Ni yangu."

"Ni ya kweli, au ulipamba?"

Bi Katalogi akamwangalia Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa anaangalia dirishani. Akisema alipamba, labda mwanamke yule atasalimika. Lakini nusu ya mji ilimwona Mama Pacha kwenye kaunta ile. "Ni ya kweli," akasema. "Alikaa kaunta kwa sababu aliombwa. Mwenye kaunta alikuwa anatoka."

Mheshimiwa akageuka polepole. "Mimi sijawahi kumwachia mtu kaunta."

"Mheshimiwa, jamani. Sote tunajua."

"Unajua wewe. Wewe ndiye uliyeandika." Akaitoa mfukoni nakala ya karatasi yake ya sifa, imekunjwa mara nne, akaisoma kwa utulivu wa mtu anayesoma cheti chake: "Haachi kaunta yake, jua liwake au mvua inyeshe. Hakuna msomaji aliyewahi kufika akakuta kiti kitupu."

Msimamizi wa kampuni akainua uso kutoka kwenye faili lake. Mkuu alivua miwani.

"Ule ulikuwa utani," akasema Bi Katalogi.

"Utani?" akasema Mkuu. "Karatasi niliyoisoma mimi mbele ya Bodi?"

"Hiyo moja nilitania. Ya Mama Pacha sikutania."

"Na sisi tutajuaje ipi ni ipi?"

Ukweli aliousema ulikuwa umesimama peke yake, na uongo alioandika kwa kucheka ulikuwa umeketi pale umevaa tai.

"Mama," msimamizi akamgeukia Mama Pacha, "ulikaa kaunta au hukukaa?"

"Nilikaa."

"Nani alikuruhusu?"

"Aliyeniita yupo hapa. Muulizeni." Mheshimiwa akawa anairekebisha tai yake; Mama Pacha akaongeza: "Na funguo alinipa Mkuu."

"Nilikupa ufungue, ufagie, unirudishie," akasema Mkuu. "Sikukupa ukae nazo miaka."

"Kila nilipokurudishia uliniambia nikae nazo."

Bi Katalogi alikuwapo zaidi ya mara moja Mkuu akisema maneno hayo, tena mara moja alikuwa amesimama pale pale, na fomu za kusainiwa mkononi. Mkuu alilijua hilo. Akavaa miwani, akasogeza karatasi nyeupe na kalamu mpaka ukingo wa meza, upande wa Bi Katalogi.

"Kama una la kuongeza, liandike usaini. Tutaliambatanisha kwenye majibu ya Bodi. Ila nikukumbushe kwamba suala la karatasi zenye utani nalo itabidi nilieleze. Umebakiza miaka mingapi kustaafu?"

"Mitatu."

"Mitatu," akasema Mkuu, kwa upole kabisa.

Kalamu ilikuwa pale. Alikuwa ameandikia maharusi na marehemu, na watu asiowajua, bila kusita. Aliitazama muda ambao baadaye hakuweza kuupima, na mkono wake haukuinuka. Alipoinua macho alimkuta Mama Pacha sasa anamtazama yeye, na usoni mwake hamkuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesubiri maji yachemke, na mwishowe akajua kuwa moto umezimika.

Mama Pacha hakufukuzwa na maktaba, kwa sababu hakuwahi kuajiriwa na maktaba. Kampuni ilimwondoa alasiri ile ile. Alideki ngazi zilizokuwa zimebaki, akapindua ndoo chini juu ikauke, akaweka funguo juu ya kaunta mbele ya Mheshimiwa, ambaye siku hiyo alikuwepo. Wale waliopiga makofi Jumamosi ile walikuwa katikati ya rafu, kila mmoja na kazi isiyoweza kungoja. Bi Katalogi alifunga mlango wa chumba chake. Alisikia ndala za Mama Pacha zikipita kwenye korido, zikapunguza mwendo karibu na mlango wake, au pengine alidhani zilipunguza, zikaendelea.

Majibu ya Bodi yaliandikwa na Mkuu. Bi Katalogi alipewa barua ya onyo, fupi, yenye makosa mawili ya sarufi.

Zilipita wiki tatu kabla hajapata uso wa kwenda. Alifunga mfuko wa machungwa na sabuni, akauliza njia mara mbili. Mama Pacha alikaa vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji, safi hata ukaogopa kukanyaga. Mapacha walikuwa wamejinyoosha kitandani na madaftari yao. Waliinuka wakamsalimia kwa heshima, wakampisha. Mama Pacha alimpa kiti na maji ya kunywa. Waliulizana habari za nyumbani, za afya, za mvua, mpaka habari zikaisha.

"Sikuja kujitetea," akasema Bi Katalogi. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimekusikia."

Bi Katalogi akaiweka glasi ya maji sakafuni.

"Sikujua yatafika huko."

"Mimi nilijua," akasema Mama Pacha. "Ndiyo maana nilikuomba."

"Uliniomba. Nilitaka watu wajue thamani yako."

"Watu gani? Aliyetaka kitabu alijua. Wewe ulijua. Mimi nilijua." Alisema bila kupandisha sauti, akiokota uzi kwenye kanga yake. "Miaka tisa sikuwahi kugombana na mtu pale. Nilikuwa napita tu katikati yao kama upepo, nafanya, naondoka. Nilipenda vile vitabu. Ungeniacha nivipende kimya kimya."

Bi Katalogi akalia. Pacha mmoja alimletea kitambaa, kisha akarudi kwenye hesabu zake. Mama Pacha alimwacha alie mpaka amalize.

"Siku ile ya karatasi nyeupe," Bi Katalogi akaanza.

"Hiyo tuiache."

"Nilitaka kuandika."

"Tuiache, nimekwambia." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukingo. Kisha akatulia, akafikiri. "Nenda ukiwa umenisaidia kitu kimoja. Pana shule ya bweni wanatafuta mtu wa kufua. Wanataka barua kutoka kwa mtu aliyefanya kazi na mimi. Kampuni wamekataa kunipa. Una kalamu?"

Alikuwa nayo. Pacha akachana ukurasa katikati ya daftari. Bi Katalogi akauweka juu ya paja akaandika haraka, huku moyo ukimpanda, kwa kuwa hapa angalau kulikuwa na jambo aliloliweza. Aliandika kwamba anamfahamu mwombaji kwa miaka tisa, kwamba ni mwaminifu, mwerevu na mwepesi wa kujifunza, na kwamba popote atakapopewa kazi atafanya zaidi ya alichotumwa.

Mama Pacha aliupokea, akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari, taratibu.

"Hili la zaidi ya alichotumwa, litoe."

Bi Katalogi akalifuta.

"Mwerevu, litoe. Hawataki mwerevu, wanataka wa kufua."

Akalifuta.

"Na mwaminifu."

"Mama Pacha, hilo liache. Hilo ni la kweli."

"Ukilitaja watajiuliza kwa nini limetajwa. Watapiga simu maktaba." Akamrudishia karatasi. "Andika upya. Sema nilifanya usafi pale miaka tisa, sikuwa mgonjwa, sikuchelewa. Weka sahihi."

Ikawa mistari mitatu. Mama Pacha aliisoma, akaikunja, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya watoto. Alisema asante, akarudisha glasi jikoni. Nje jua lilikuwa bado kali. Mwenyeji alimfikisha mgeni kizingitini akaishia hapo, hakumsindikiza hata hatua kumi, akamwelekeza kwa mkono njia fupi ya kutokea barabarani.

Kazi ya kufua aliipata. Bi Katalogi alisikia kwa watu, miezi miwili baadaye: kwamba yuko shule ya bweni, anafua mashuka ya watoto mia mbili, mikono imemchubuka, na hasemi na mtu.